Uru Wakati wa Masika

Huenda Uru unayoijua ni ile ya Desemba. Nyumba hujaa wageni, mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na jamaa hupigwa picha uani wakiwa wamevaa nguo mpya. Picha hizo ni za sherehe. Ukitaka picha za Uru ikiwa kazini, nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mara nyingi mapumziko ya Pasaka huangukia humo.

Uru iko kaskazini ya mji wa Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro. Amka alfajiri, kwa maana kilele cha Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, hupenda kujitokeza kabla mawingu hayajakifunika. Kikishafichwa, usiifunge kamera yako. Jua kali hutia vivuli vyeusi chini ya migomba, bali mwanga wa mawingu ni mpole, na kila jani huonyesha kijani chake.

Sasa kitazame kihamba. Juu kuna miti mirefu, chini yake migomba, kisha mibuni yenye matunda ambayo hayajaiva, na chini kabisa magimbi na mboga. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, huko huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya vihamba hivyo. Ukijani unaoupiga picha si pori. Ni kazi ya mikono, kizazi baada ya kizazi.

Sogea hadi kwenye banda la ng'ombe, lakini piga hodi kwanza. Ng'ombe wa huku hulishwa bandani. Majani yake hupanda mlima kichwani mwa akina mama, na samadi yake hurudishwa migombani. Mlango ukiwa wazi, simama kando ili mwanga uziangukie mbao kuukuu, mundu uliochomekwa na mzigo wa majani mabichi. Karibu na hapo utaviona vichanja vya kuanikia kahawa vikingoja mavuno.

Kisha fuata njia za mlimani, kama zile ziendazo kwenye maporomoko ya Materuni. Udongo huteleza, basi vaa viatu vyenye meno na ukinge kamera kwa mfuko wa nailoni. Kandokando kuna masale, mmea uwekao mipaka ya vihamba, na ambao Mchagga huuchukua aendapo kuomba msamaha. Usipige njia tupu. Ngoja apite mtu, kwa idhini yake, ndipo mwinuko wa kilima utaonekana.

Huenda mpitaji huyo akawa mama yako mzazi. Vijana wengi wako mijini, na bei ya kahawa imewahi kuwakatisha tamaa baadhi ya wakulima hata wakaing'oa mibuni. Wazee ndio waliobaki kubeba majani. Ukirudi mjini, safisha picha mbili. Ya kwanza wapelekee wenye banda. Ya pili itundike sebuleni, na watoto watakapouliza bibi amebeba nini, waeleze. Wakiuliza ni nani humsaidia, uwe na jibu.