Sakafu ya Kung'aa au Sakafu Salama?

Mama mwenzangu, ukitaka kubadilisha sakafu ya nyumba yako, usianze na rangi. Jiulize kwanza ni nani watakaoikanyaga kila siku.

Nyumba yetu ya Kariakoo ni ya zamani. Saruji ya sakafu ilikuwa imepasuka na kutoa vumbi, na kitinda mimba wetu ana pumu. Tena mama mkwe, mwenye umri wa miaka 78, alikuwa anahamia kwetu. Baba watoto akataka marumaru nyeupe zinazong'aa kama kioo, ili mama yake apokewe kwa heshima.

Mimi ni muuguzi. Wodini nimewahudumia bibi wengi waliovunjika nyonga, na wengi walianguka nyumbani mwao, usiku, wakielekea chooni. Mtu aliyekuwa akijipikia huanza kugeuzwa kitandani, na vidonda vya mgongo au nimonia huweza kumfuata huko. Kwa hiyo sikukubali upesi.

Tulipima kila njia. Zulia ni laini, lakini kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam hutunza vumbi na vijidudu visivyoonekana, ambavyo huamsha pumu. Zulia la plastiki ni rahisi kufuta, ila kingo zake zikiinuka humkwaza mzee. Niru ni ya bei nafuu, lakini ikilowa huteleza, na ardhi isiposhindiliwa vizuri hupasuka tena.

Marumaru hazitunzi vumbi, tena ni za baridi. Huko Ulaya, kwenye nyumba zinazopashwa joto kutoka chini ya sakafu, marumaru hupendwa kwa sababu hupitisha joto haraka hadi miguuni. Kwetu sifa hiyo hiyo hufanya kazi kinyume: huondoa joto kwenye nyayo zetu. Basi marumaru tukachagua, ikabaki swali la aina.

Dukani nilimwomba muuzaji maji kidogo. Nikamwaga juu ya marumaru inayong'aa na juu ya yenye mkwaruzo, nikavua viatu. "Baba, jaribu na wewe," nikamwambia mume wangu. Mguu wake uliteleza kwenye ile ya kwanza, akashika meza. Hakubisha tena. Zile za kung'aa alinunua chache tu, akaziweka kwenye ukuta wa bafu, mahali pasipokanyagwa.

Fedha hazikutosha nyumba nzima, hivyo tulianza na chumba cha bibi, ujia na choo. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vinavyokatwa. Hakikisha maboksi yote yana namba moja ya rangi, maana ukirudi baadaye huenda usiipate. Mwambie fundi achimbue sakafu ya zamani badala ya kubandika juu yake, la sivyo mlangoni patakuwa na kizingiti cha kumkwaza mzee. Kazi ikiisha, gonga kila marumaru: inayolia kama debe tupu haikushika vizuri.

Sasa mama mkwe huamka usiku na kwenda chooni peke yake, bila kumwita mtu. Kwa mzee, heshima ni hiyo.