Siku za Maji Bwawani

Utumishi wa mwandishi wa tawasifu hii, tangu alipoajiriwa kama kibarua wa kufyeka kingo hadi alipostaafu akiwa msimamizi, ulipita wote kwenye mabwawa ya kutibu majitaka ya mji mdogo katika bonde la Mto Pangani, na kiini chake kilikuwa kulinda jambo moja, yaani siku ambazo maji hukaa bwawani kabla ya kuachiwa mtoni.

Mabwawa ya aina hii hayaendeshwi kwa injini, bali kwa jua, upepo na viumbe wadogo. Katika bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, taka nzito hutuama na kumeng'enywa na bakteria wasiohitaji hewa. Katika la pili, ambalo halizidi mita 2, mwani, yaani viumbe wadogo wa kijani wanaoelea majini, hutoa oksijeni inayowawezesha bakteria wengine kula uchafu uliosalia. Na katika yale ya mwisho, yaitwayo mabwawa ya kukomaza, mwanga wa jua huua vijidudu vya maradhi huku mayai ya minyoo yakizama taratibu. Tope likijaa chini, maji hupata njia ya mkato na kutoka yakiwa hayajaiva, ingawa kwa macho hayaonyeshi tofauti yoyote. Kwa sababu hiyo mwandishi aliithamini sana kazi ambayo wengi waliiona duni, ya kuzamisha mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe na kusoma, kwa alama ya weusi iliyobaki kwenye taulo, kimo cha tope lililolala chini.

Kosa ambalo bado linamuuma ni la miaka yake ya mwanzo, alipokuwa akipima oksijeni adhuhuri tu, wakati mwani umeshiba jua na takwimu zinapendeza. Siku alipopima kabla ya mapambazuko alikuta oksijeni karibu imekwisha, kwa kuwa usiku mwani nao huvuta pumzi bila kuzalisha kitu, na hapo akatambua kwamba samaki wa mtoni waliishi kwa saa ambazo yeye hakuwahi kuziandika daftarini.

Viwango vya Tanzania vinataka majitaka yaliyotibiwa yasizidi miligramu 30 kwa lita za mahitaji ya oksijeni, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kwa siku 5 kuozesha uchafu uliomo. Kwa umwagiliaji wa mazao yanayoliwa mabichi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha yai 1 la mnyoo kwa lita, na hicho ndicho kipimo kilichomgusa mwandishi zaidi, kwani chini ya mabwawa palikuwa na majaruba ya mpunga na bustani za mchicha, na mbele zaidi mito ya eneo hilo humiminika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua perege.

Kila kiangazi wakulima walikuja kumsihi, wakimwita mzee wao, awafungulie maji ya bwawa la pili kwa sababu mashina yalikuwa yakinyauka, na wachache walitoboa ukingo usiku. Maombi yao yalikuwa ya haki, na mwandishi hakuwahi kuyapuuza. Alichofanya ni kuwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha vipimo, akawaonyesha kwa hadubini yai la mnyoo kutoka bwawa lile walilolitaka, kisha wakatoka pamoja kwenda kuziba tundu.