SEHEMU YA 9: Lugha ya bibi haimchelewishi mtoto kuongea

Wamama wenzangu wa Kibiti na delta, leo tuache kidogo uji na chanjo, tuongelee lugha.

Kliniki naulizwa sana: "Nesi, mwanangu anachelewa kuongea, ni hiki Kindengereko anachosemeshwa na bibi yake?" Hapana, mama. Mtoto anaweza kujifunza lugha mbili kwa pamoja. Akizichanganya kwenye sentensi moja usishtuke, ni kawaida, na atazitenganisha mwenyewe.

Ardhi yetu imejaliwa: mpunga bondeni, kamba na mikoko delta, korosho na minazi huku juu. Neema hiyo imekusanya watu. Kuna Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa wa delta, Wamatumbi kutoka kusini, na wafugaji Wasukuma na ng'ombe zao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, barabara ya kusini ikatuletea wengine. Kiswahili ndicho kinatuunganisha, na ni jambo jema. Ila lugha za wazee zinabaki kwa wazee tu.

Wala si umaskini. Italia kuna mkoa wa Lombardia, wenye jiji la Milan: watu kama milioni 10, na uchumi mkubwa kuliko mikoa yote ya nchi ile. Nako wazee wana lugha yao ya asili, lakini vijana wengi wanaongea Kiitaliano tu. Pesa haikuiokoa. Lugha inaokolewa na anayembeba mtoto.

Kwangu mimi hili ni suala la afya pia. Bibi akizidiwa, mara nyingi anarudi kwenye lugha ya utotoni. Anaeleza maumivu yake, mjukuu aliyemleta haelewi, ananiangalia mimi. Na mimi nimeletwa huku na ajira! Hapo tunapoteza muda ambao mgonjwa hana.

Kwa hiyo bibi amsemeshe kwa lugha yake, wewe msemeshe Kiswahili. Ila mlete mtoto kituoni ukiona haya, iwe nyumbani kuna lugha moja au tatu:

- Ana mwaka mmoja, haitiki jina lake wala habwabwaji.
- Ana miaka miwili, haunganishi maneno mawili, mfano "mama maji".
- Alikuwa anaongea, sasa ameacha.
- Sikio linatoa usaha. Asiyesikia vizuri huchelewa kuongea.

Usikae nyumbani ukimlaumu bibi, mama. Mlete tumwangalie.

Sehemu ya 10 tutaongelea masikio.