Juu ya Kuchagua Motakaa Iliyokwisha Kutumika

Mtu wa kijiji akinunua baiskeli huipindua juu chini, akazungusha magurudumu, akajua nusu ya habari zake papo hapo. Motakaa haipinduliki. Nayo siku hizi imeingia katika nyumba za watu wasio matajiri, walimu na waganga wa zahanati na wakulima, maana bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupokea meli zilizojaa magari yaliyokwisha kutumika Japani. Basi nataka kueleza kidogo jinsi ya kuchagua moja lililo dogo, la kuwatosha baba na mama na watoto, lisilowaacha njiani.

Nalikuwa na sababu ya kujifunza habari hizi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alistaafu mwaka 2023 akapewa kiinua mgongo chake. Wanalea mjukuu wa miaka 9 mwenye ugonjwa wa selimundu. Maumivu yake aghalabu huanza usiku, tena baridi huyaamsha, na hospitali iko mwendo wa kilomita 26, nusu yake njia ya udongo. Mara mbili walimpeleka kwa pikipiki katika mvua, mtoto amefungwa kwa kanga kati ya dereva na bibi yake. Kwa hiyo shemeji akatenga shilingi milioni 13, akaniomba nifuatane naye mjini, akisema mwalimu wa hesabu hadanganyiki upesi. Fedha ile haikuwa na ndugu yake. Ikipotea, hapakuwa na mshahara wa kuirudisha.

Yafaa kujua kwanza kwa nini Mjapani auza gari lililo zima. Kule gari jipya la nyumbani hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama zake si ndogo. Wengine huona heri kuuza kabla ya siku ya ukaguzi. Tena wao hupita upande wa kushoto wa njia kama sisi, na usukani wao uko kuume. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8. Tanzania huruhusu, ila kodi huzidi kwa gari lililozeeka. Ndiyo maana Toyota IST za miaka ya 2002 hadi 2007 zingali nyingi katika njia zetu.

Hapa kwetu Tanzania watu hupenda kuuliza herufi iliyo mbele katika namba ya gari: Je, ni C, ni D, au ni E? Wakisikia E hufurahi kana kwamba gari limezaliwa jana. Walakini herufi ile yaonyesha ni lini gari liliandikishwa katika nchi hii, haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 laweza kuvaa namba E bila kosa lo lote, kama vile mzee awezavyo kubatizwa leo.

Gari la kwanza tulilooneshwa lilikuwa IST la mwaka 2005. Liling'aa sana. Viti vilikuwa vimevalishwa ngozi mpya, na hesabu ya kilomita iliyo mbele ya usukani ilisema 86,000. Shemeji akaingia, akashika usukani, nami nikaona moyo wake umekwisha kuingia pamoja naye. Nikainama kutazama raba ya pedali ya breki. Mistari yake yote ilikuwa imelika, ikawa laini kama kokoto la mtoni.

"Shemeji," nikamwambia, "ngozi ya viti ni mpya, lakini mguu uliokanyaga hapa umekanyaga miaka mingi."

Hata nilipofungua mlango wa dereva nikaona pembeni karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye maandishi ya Kijapani. Mafundi wa kule hubandika karatasi kama hizo wakibadilisha mafuta ya injini, wakaandika tarehe na kilomita. Hii ilikuwa na hesabu mbili zilizosomeka vizuri: 27, na 121,000. Basi Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao. Zamani za utawala ulioitwa Heisei zilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wa 27 ni 2015. Gari lililokwisha kwenda kilomita 121,000 mwaka 2015 limewezaje kuwa na 86,000 leo? Muuzaji, ambaye sitamtaja, alijibu kwamba Wajapani nao hukosea kuandika. Tukamwaga kwa heshima. Shemeji hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha basi, maana alikuwa amelipenda lile gari.

Kilomita nyingi peke yake si ugonjwa. Gari lililokwenda 150,000 na kubadilishwa mafuta kwa wakati laweza kulishinda lililokwenda 80,000 likanyimwa. Ubaya ni kufichwa, kwani aliyeficha hesabu ya kilomita huenda ameficha na mengine. Gari lililotoka melini juzi yafaa kuliombea hati yake ya mnada, ambayo kwayo wakaguzi wa Japani hulipa gari alama. 4 ni alama njema, na herufi R huonyesha kwamba liliumia katika ajali likatengenezwa. Tazama na chini yake pia. Kaskazini mwa Japani humwagwa chumvi njiani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kimya kimya.

La pili lilikuwa Toyota Probox la mwaka 2006, jeupe, mlango mmoja umekwaruzwa, mali ya mtu mwenye duka. Hesabu yake ilisema 139,000, na pedali zake zilisema vivyo hivyo. Tulimwomba asiliwashe asubuhi mpaka tufike, maana injini iliyokwisha pata moto huficha mengi. Likawaka mara moja. Moshi wa buluu ungalituambia kwamba injini yachoma mafuta yake. Moshi mweupe usiokoma, kwamba maji ya kupoozea yaingia mahali pasipo pake. Hatukuona hata mmoja. Injini yake huendeshwa kwa cheni, si kwa mkanda wa raba wa kubadilishwa, na jamaa ya injini hiyo imo katika IST na katika Corolla nyingi za wakati ule. Fundi wa kwetu anaijua, na vipuri vyake havisubiri meli. Gia zake pia ni za kawaida. Magari mengine madogo hubadili mwendo kwa mkanda wa chuma uzungukao kati ya magurudumu mawili. Ni mazuri na hula petroli kidogo, walakini hudai mafuta yao maalum, na fundi asiyejua akitia mengine huiua gia. Mbele ya barabara ya kwetu, mimi naona wepesi wa kutengenezwa wapita uzuri wote.

Mwenye duka alitaka milioni 12, wakapatana 11 na laki 2. Zilizobaki zilinunua tairi mbili, betri, na mafuta yote mapya. Mjukuu amekwisha kulala katika kiti cha nyuma mara tatu kwenda hospitali, bila kuloa.

Kabla ya kutoa fedha tulilinganisha namba ya chesisi iliyopigwa katika chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu moja moja, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji. Kisha wakaenda wote wawili Mamlaka ya Mapato kubadili jina la mwenye gari siku ile ile, kwa kuwa gari lenye jina la mtu mwingine huweza kudaiwa kwa madeni yake. Dada yangu akatoa daftari la shule lenye kurasa 48. Kila mafuta ya injini yakibadilishwa, shemeji huandika tarehe, kilomita, na jina la fundi, naye dada hutia sahihi chini yake.