Barua ya Kazi ni Ushahidi

Kijana mmoja wa huku Uru, aliyesomesha hesabu katika skuli ninayoisimamia, ataka ukaazi wa kudumu wa Kanada. Tangu 2015 wenyewe huwapanga waombaji kwa alama za umri, elimu, lugha na miaka ya kazi. (Mzee kama mimi hana lake, mwenye miaka 45 hapati alama ya umri hata moja.)

Aliniomba niandike kuwa alisomesha miaka 3. Alisomesha miezi 14, nami nikaandika 14. Akanuna. Namhurumia, kwani mamake ameuza kahawa ya kihamba kulipia mtihani wa Kiingereza. Lakini je, wewe ungetia saini? Sharti la kazi ni mwaka 1 mfululizo kwa uchache, nao anao. Uwongo ukigunduliwa, mwombaji hufungiwa mlango miaka 5.

Barua ameichukua.