Ua wa Mabua



Ndugu wazazi na wanafunzi, safari hii tunaomba tuzungumze habari ya shamba. Shamba la madrasa ndilo linalotoa uji wa watoto, na mwaka juzi lilitutia aibu.

Hapa Oraba, mpakani na Sudan Kusini, tuna mazoea ya kujengea ua mabua makavu baada ya mavuno. Ni ua wa bure, nani aukatae? Mvua zilipokuja tukapanda mahindi kando ya ua huo huo. Yalipofika magotini, majani yalikuwa na vitundu vilivyojipanga kama vya sindano, kisha jani la katikati likakauka hali ya pembeni yangali mabichi. Ukilivuta, linachomoka bila nguvu. Tuliwaambia watoto wasubiri na waombe dua. Dua haina badala, lakini tuseme kweli, tuliwaambia hivyo kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Jibu lilikuja kiangazi. Mtoto mmoja alivunja bua la ua kwa mchezo, akaja mbio: "Maalim, huyu funza yuko hai!" Tukavunja mengine, na mengi yalikuwa na mgeni wake. Kumbe funza atoboaye mabua hulala humo miezi yote ya ukavu. Mvua zikianza hugeuka nondo, na usiku nondo hutaga mayai kwenye maungo ya majani na bua la mche mpya. Wenzetu msimchanganye na kiwavijeshi vamizi aliyethibitishwa Uganda mwaka 2017. Yule hugeukia udongoni.

Jirani yetu, bibi tunayemwita Haboba, alipoteza mtama wake mwaka ule ule. Hakulalamika, alisema ni kadari. Na sisi, walimu wa haki ya jirani, ndio tuliomfugia nondo uani kwetu! Tulikwenda kumwomba radhi.

Sasa, tuyafanyeje mabua? Wakulima wengi huchoma. Lakini wanafunzi wakubwa walikuwa wamekwisha soma hadithi ya kichuguu cha sisimizi, aliyoipokea Abu Daud, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) alikataza kuadhibu kwa moto. Wakatuuliza, na hawakutuachia nafasi ya kukwepa. Wapo wanazuoni walioruhusu pale madhara yasipoondoka ila kwa moto. Sisi tukaona: je, hayaondoki kwa njia nyingine? Yanaondoka. Mabua ukiyatandaza juani, yamelazwa chini kwa utando mwembamba, kwa muda wa wiki nne, funza wengi hufa kwa joto na kukauka. Yakisimamishwa au kurundikwa, wa ndani hupata kivuli na kupona. Basi tuling'oa ua wote, mbuzi wakala walichotaka, mengine tukatandaza, na ua mpya tukausuka kwa fito.

Pia tumeanza kujifunza kilimo cha sukuma-vuta, kilichobuniwa na taasisi ya ICIPE kule Mbita, Kenya, miaka ya 1990. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo, na pembeni majani ya tembo yanayomvuta akatage huko, ambako vifunza vingi havikui. Mbegu za desmodiamu ni ghali, kwa hiyo tumeanza na kipande kidogo tu.

Msimu uliofuata funza walikuwepo, kwani nondo huruka na mashamba mengine yana ua wa mabua bado. Ila miche iliyokauka moyo tuliihesabu mstari kwa mstari na watoto, na ilikuwa michache. Uji haukukatika.

Juzi Haboba alikuja kuomba mabua ya kuni. Mwanafunzi akauliza kama kuyapikia si kuchoma funza. Haboba akacheka hadi akakaa chini. Tulimpa yaliyokwisha maliza wiki zake nne juani.