Donati za Kipaimara

Mama mwenzangu, kwa kipaimara cha mwanao si lazima uagize keki Ruangwa mjini. Hapa Narung'ombe mimi hupika donati. Unga kilo 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chakula, chumvi kidogo, na tui la nazi la uvuguvugu. Kanda hadi ulainike, ufunike uumuke. Kata kwa bilauri. Tundu la katikati kwa kizibo cha chupa.

Kuchoma ndiko kunakonitia hofu, mimi muuguzi. Siku ya sherehe watoto hujaa jikoni, na jiko la mkaa liko chini, karai la mafuta sawasawa na mikono yao. Mimi hulizungushia benchi, asipite mtoto. Akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha umpeleke zahanati. Dawa ya meno, unga na yai, hapana!

Watoto wapewe kupamba, donati zikishapoa. Sukari ya unga na maji ya ndimu kidogo hufanya uji mzito wa kuchovyea. Juu nyunyiza ufuta uliokaangwa na korosho zilizotwangwa, mazao yetu wenyewe. Binti yangu alipanga korosho nzima mfano wa msalaba. Kabla ya ibada mdogo wake alikuwa ameshakula upande mmoja.